Hasidi Maalumu wa Mtukufu Jua

Haya, sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Palikuwa na nchi. Wapi, msiniulize, maana mimi mtu wa amani na nina watoto. Ilikuwa na milima yake, mito yake, bendera yake na wimbo wake mrefu, na watu wake wote, kuanzia waziri hadi muuza kahawa, walikuwa na uchawi. Si uchawi wa kufichaficha na kukanushana barazani. Huko uchawi ulikuwa jambo la heshima, lenye wizara yake na magari yake, na kila mtu alikuwa na ngazi aliyopewa na serikali.

Ngazi zenyewe nitawaeleza, kwa sababu bila ya kuzijua hamtamwelewa Bwana Pandu, na Bwana Pandu ndiye tunayemsema. Wa chini kabisa aliitwa Cheche. Cheche anaweza kumwamsha kuku aliyelala bila ya kumgusa, basi. Juu yake ni Kibatari, anayeweza kuizuia mvua isinyeshee nguo alizoanika, mradi nguo ziwe zake mwenyewe. Kisha Kandili, ambaye huchemsha maji bila moto, polepole. Kisha Karabai, na hapo ndipo heshima inapoanza: Karabai huita kivuli cha mti kikamfuata popote aendako. Juu ya Karabai ni Mwenge, ambaye akikasirika milango ya mtaa mzima hufunguka yenyewe. Na juu ya wote ni Jua, ambaye uwezo wake hauelezeki, na kwa hiyo hapana aliyewahi kuueleza wala kuuona. Jua alikuwa mmoja tu, naye ndiye mtawala.

Lakini msidhani watu walizililia ngazi kwa ajili ya kivuli. Walizililia kwa ajili ya kukaa. Cheche alikaa chini, Kibatari alikaa mkekani, Kandili alikaa kwenye kiti kisicho na mikono, na Karabai ndiye aliyeanzia kiti chenye mikono, cha kuegemeza viwiko. Tena Karabai aliruhusiwa na sheria kukohoa katikati ya maneno ya mtu wa chini yake, na yule msemaji ikambidi aanze upya. Kuna watu katika nchi ile walikuwa na habari za misiba waliyoshindwa kuimaliza kusimulia kwa miaka.

Zamani mtu alipimwa kwa kazi. Ukisema unachemsha maji, unaletewa maji. Utaratibu huo uliwaaibisha wakubwa wengi, ukafutwa kwa hekima. Wataalamu wakakaa, wakala, wakalala, wakaamka na ugunduzi: kila kitu duniani mtu anaweza kukighushi, isipokuwa wivu. Sifa utazinunua, makofi utayakodi, lakini huwezi kumkodi mtu akuonee gere la kweli. Basi mwenye nguvu ni yule anayehusudiwa, na kimo cha nguvu zake ni kimo cha husuda anayoonewa.

Ndipo kikaanzishwa Kikao cha Maziwa. Mwombaji wa ngazi alikuja na shahidi wake, aliyeitwa hasidi. Hasidi sharti awe wa ngazi ile ile, na sharti awe ndugu au jirani, kwani sheria yao ilisema kikulacho ki nguoni mwako. Alikabidhiwa bakuli la maziwa mabichi, akalishika kwa mikono miwili na kumtazama mwombaji usoni. Maziwa yakipata joto, mwombaji ni Cheche. Yakiota utando, Kibatari. Yakichacha, Kandili. Yakikatika, Karabai. Yakiganda hata kisu kikapita, Mwenge. Na bakuli lenyewe likipasuka, huyo ni Jua. Maziwa yaliyoganda yalipelekwa kantini ya wizara, na nchi za nje nazo zikaagiza, maana mtindi wa wivu ulikuwa mtamu ajabu. Ndiyo maana wakubwa wa wizara ile walikuwa wanene wenye ngozi laini, na hawakutaka kusikia mtu akipendekeza kipimo kingine.

Sasa Bwana Pandu Mwinyikai. Huyu alikuwa Kandili, na kazi yake ilikuwa Mfafanuzi wa Ngazi. Alizunguka vijijini na ubao wake akiwaeleza watu kwa nini wako chini, na kwa nini ni vizuri. Kazi aliipenda, mke alikuwa naye, nyumba alikuwa nayo, meno yote thelathini na mawili mdomoni. Kitu kimoja tu kilimnyima raha ya dunia, nacho kilikaa nyumba ya pili. Ni shemeji yake, Shaame Kombo, kaka yake mkewe Mize.

Shaame naye alikuwa Kandili, si zaidi. Lakini alikuwa Kandili kwa namna iliyomtia Pandu uchungu. Alicheka mdomo wazi. Kofia yake ilikaa upande na haikuanguka. Muuza kahawa alimpa kikombe cha kwanza, na Pandu cha pili, na kahawa ya kikombe cha pili, aapavyo Pandu, haikuwa kahawa ile. Mtoto wa jirani akilia, Shaame akipita ananyamaza. Pandu akipita, analia yule aliyekuwa amenyamaza. Siku Pandu aliponunua kanzu mpya ya hariri, watu walimpa mkono wa hongera wakasema, "Kanzu nzuri hiyo. Ingempendeza Shaame."

Hata ukoko. Mize akipika pilau alimbandulia kaka yake ukoko wa chini ya sufuria na kumfunikia kwa sahani.

"Mbona ukoko huendi nao kwingine ila kwa Shaame?" Pandu aliuliza.

"Wewe si huupendi ukoko?"

Ni kweli, hakuupenda. Ulikuwa ukimkwaruza fizi. Lakini roho ilimuuma vile vile, akala pilau yake laini huku ameukunja uso.

Basi Karabai wa mtaa wao akafariki, Mungu amrehemu, katikati ya kukohoa. Kiti chake chenye mikono kikabaki kitupu barazani. Wizara ikatangaza nafasi, na walioomba walikuwa wawili, Pandu na Shaame. Shaame kwa kusukumwa na mtaa, Pandu kwa kuusukuma mtaa. Na kwa kuwa walikuwa shemeji, majirani, na wa ngazi moja, sheria ikamfanya kila mmoja wao kuwa hasidi wa mwenzake.

Pandu, aliyekuwa akiwafafanulia watu sheria hiyo miaka nenda miaka rudi, sasa aliikalia kitako. Ilikuwa wazi kama nini. Ili apande yeye, ni lazima Shaame amwonee wivu. Ili Shaame asipande, ni lazima yeye Pandu asimwonee wivu hata chembe. La kwanza aliliona jepesi. Aliupaka mlango wake rangi ya samli. Alipita mbele ya baraza ya Shaame amebeba jodari mzima begani, bila ya kapu, ili aonekane vizuri.

"Mashaallah, shemeji, samaki huyo!" Shaame akainuka. "Lete nikusaidie kubeba, utaumia mgongo."

La pili lilikuwa gumu zaidi. Pandu alijikalisha chumbani akaanza kuzihesabia moyoni taabu za Shaame, ili amwonee huruma na gere liondoke. Paa la Shaame linavuja. Vizuri. Mbuzi wake amekufa. Vizuri sana. Jino lake la nyuma linamuuma, shavu limefura kama andazi. Hapo Pandu akajisikia mwepesi kabisa, mpaka alipotoka nje akaona mtaa mzima umekwenda kumpa pole Shaame kwa jino lake, na uji wa mchele, na karafuu, na bibi mmoja amelia. Pandu akarudi ndani akayapitishia ulimi meno yake yote, moja baada ya moja, akakuta hakuna hata moja linalouma. Akaona ameonewa.

Siku ya Kikao ikafika. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Makungu, mwenye ngazi ya Mwenge, aliyekaa kwenye kiti chenye mikono minne, miwili ya kutumia na miwili ya akiba.

"Ndugu waombaji," alisema, "taifa lisilo na wivu ni taifa lisilo na maendeleo. Wazee wetu walioneana wivu mikono mitupu, bila bakuli, bila bajeti, na wakafa wakioneana wivu. Sisi leo tuna maziwa. Nauliza, tunataka nini tena?" Wakubwa wakapiga makofi, kwani hawakutaka kitu tena.

Shaame ndiye aliyetangulia kushika bakuli. Pandu akasimama mbele yake ndani ya ile kanzu ya hariri, kifua mbele, harufu ya udi ikimtangulia. Shaame akamtazama. Watu wakangoja. Afisa akachovya kidole katika maziwa.

"Ya baridi, Mheshimiwa."

"Mtazame vizuri," Makungu akaamuru.

"Namtazama," alisema Shaame. "Huyu shemeji yangu. Ameniolea dada yangu na anamtunza. Nimwonee gere la nini? Mungu amzidishie." Na kwa kuwa siku ilikuwa ya joto, akayanywa yale maziwa, akajifuta mdomo.

Pandu alihisi ardhi inamkataa. "Hata kidogo?" alimnong'oneza.

"Hata kidogo, shemeji," akajibu Shaame kwa mapenzi.

Kisheria, mtu ambaye maziwa yake hayakupata hata joto hafiki hata Cheche. Makungu akasema kwamba kwa huruma ya serikali Bwana Pandu ataachwa alipo, na wakubwa wakamtazama kwa masikitiko, na katika kumtazama kwao hapakuwa na wivu wowote.

Kisha zamu yake. Akapewa bakuli jipya. Alikuwa amekusudia kuliwaza lile jino, na paa, na mbuzi. Lakini mtu aliyetoka kuambiwa mbele za watu kwamba hana kitu cha kuonewa gere, na aliyemwambia amesema kwa upole, tena amekunywa na maziwa, mtu huyo atawaza jino lipi? Alimwona Shaame amesimama na kofia yake ya upande, na mustachi mweupe wa maziwa juu ya mdomo, na hata huo mustachi ukampendeza. Maziwa yakaota utando. Yakachacha, harufu ikajaa ukumbi. Yakakatika, yakaganda. Na bakuli likapasuka vipande viwili mikononi mwa Pandu, mtindi ukamwagikia kanzu ya hariri.

Hapana hata mmoja ukumbini aliyekuwa amewahi kuliona jambo hilo. Bakuli la Mtukufu Jua lilipasuka, naam, siku ya kutawazwa kwake, na mimi sisemi kingine. Ila fundi aliyelitengeneza bakuli lile na kulitia ufa kwa msumari alipewa nishani, kwa sababu zake nyingine.

"Hamjaona kitu," alisema Mheshimiwa Makungu.

"Tumeona nini, Mheshimiwa?" wakajibu wakubwa.

"Ndivyo hivyo."

Lakini penye wengi pana mengi, na kabla ya adhuhuri mji mzima ulijua kwamba Shaame Kombo ni Jua. Mbingu haina majua mawili, wala katiba. Askari wakamchukua Shaame kwa kosa la kuwa Jua bila kibali, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kuzimwa. Kuzimwa kulifanywaje sijui. Waliozimwa hawakurudi kusimulia, na kwa hiyo serikali ilikuwa ikisema haijapokea malalamiko yoyote.

Niseme kweli ya Mungu, Pandu alipomwona Shaame anapitishwa kwa minyororo, kitu kilimtekenya moyoni, na kitu hicho kilikuwa furaha, ndogo kama punje ya mtama. Hakuwa ameimeza bado alipouona mtaa mzima nyuma ya minyororo ile. Wanaume wamevua kofia, wanawake wanalia, muuza kahawa ameacha birika linafurika. Nani angemfuata Pandu hivi, wakimchukua? Akasimama mlangoni kwake, mlango wa rangi ya samli, akauonea wivu mnyororo.

Mize alirudi macho mekundu. Akatoa kanga zake sandukuni, akazifunga furushi.

"Kaka yangu anakwenda kufa kwa sababu ya roho yako," alisema. "Si roho ya serikali. Yako. Mtu amekula nini chako, Pandu? Amekuchukulia nini?"

Pandu alitafuta cha kutaja, akakosa. Hasidi hana sababu.

"Mrudishe," akasema Mize. "Ukimrudisha, nitarudi. Usipomrudisha, nenda kaoe bakuli."

Pandu aliposikia mlango umefungwa ndipo uchungu wa kweli ulipompata. Alikumbuka kwamba Shaame ndiye aliyemshika mkono siku alipomzika mama yake. Wakati ule alimwonea wivu kwa namna alivyolia vizuri, ni kweli, lakini mkono ulikuwa mkono. Akavaa viatu akaenda kwa Mheshimiwa Makungu kumwombea shemeji yake.

Akamkuta Mheshimiwa anamngoja.

"Bwana Pandu, wewe ni hazina," alisema Makungu. "Tumekaa na wivu mkubwa namna hii hapa nchini, tena umelala, hauzalishi. Sikiliza. Keshokutwa ni Sherehe ya Mtukufu. Wageni wa nje wamesikia porojo za msumari, na wamesema watakuja na bakuli lao wenyewe, na kabla ya kulitumia watalikagua. Ni tabia mbaya sana, lakini ndio wanaotununulia mtindi. Wewe utakuwa Hasidi Maalumu wa Mtukufu. Utamtazama, utamwonea gere, bakuli litapasuka. Kwa hiyo itathibitika kwamba Jua ni yeye, na lile la juzi lilikuwa bakuli linafanya mazoezi. Shemeji yako ataachiwa palepale. Na wewe utakaa kiti chenye mikono."

"Na lisipopasuka?"

"Basi Jua ni Shaame peke yake, na jua la namna hiyo huzimwa palepale pia." Makungu akamtazama kwa wema. "Lakini wewe wasiwasi wa nini? Mtu aliyemwonea wivu mwenye kofia, atashindwa kumwonea mwenye nchi?"

Hata Pandu aliliona hilo ni jepesi. Akapelekwa ikulu siku hiyo hiyo kupasha husuda moto. Afisa alimfuata nyuma na kikombe cha maziwa ya majaribio, na kila chumba walichoingia afisa alichovya kidole. Walimwonyesha bafu la marumaru lenye mabomba ya dhahabu. Baridi. Walimwonyesha ukumbi wa viatu, vimepangwa kwa miezi. Baridi. Farasi, mazulia, kasuku wa kusifu. Baridi, baridi, baridi.

"Unaumwa?" afisa alimuuliza.

Pandu mwenyewe alishangaa. Alikuwa tayari kabisa, mate yamemjaa mdomoni. Lakini wakamfikisha jikoni, akaona chakula cha Mtukufu kinavyokwenda. Kwanza alikionja mwonja sumu. Kisha mwonja chumvi. Kisha mwonja waonjaji, kuhakikisha kwamba wameonja. Kilipofika mezani kilikuwa kimepoa, na mara nyingi kilikuwa mifupa. Mzaha nao ulikuwa hivyo hivyo. Mtu akiwa na mzaha wa kumwambia Mtukufu, aliupeleka usalama, ukakaguliwa, ukarudishwa baada ya siku mbili umepigwa muhuri, na Mtukufu akaucheka kwa maandishi.

Hatimaye akaingizwa kwake. Mtukufu Jua Lisilotua alikuwa mzee mdogo mwenye shingo nyembamba, amekaa kwenye kiti kikubwa mno, mikono ya kiti iko mbali hata hawezi kuigusa yote miwili kwa pamoja. Alikuwa ameegemea mmoja tu, upande wa kushoto, na amepinda.

"Wewe ndiye hasidi?"

"Ndimi, Mtukufu."

"Unanionea wivu?"

"Najitahidi, Mtukufu."

"Jitahidi," akasema mzee kwa sauti ndogo. "Mimi mwenyewe hujaribu kujionea, kila asubuhi mbele ya kioo. Hauji." Akatazama kama afisa anasikia, akajua kwamba anasikia, akauliza vile vile. "Huyo shemeji yako. Ni kweli anacheka mdomo wazi?"

"Mpaka magego yanaonekana."

"Na watu wanacheka naye? Siku hiyo hiyo?"

"Papo hapo, Mtukufu."

Mtukufu akafungua mdomo kidogo, kama anayejaribu, akaufunga. Na yale maziwa ya majaribio mkononi mwa afisa yaliota utando, kisha yakaanza kunuka. Afisa akakifunika kikombe kwa leso upesi, akasema kuna joto humu ndani. Pandu akatoka ikulu amejaa hofu, kwani sasa alikuwa na uhakika kwamba mtu huyu yeye Pandu hataweza kumwonea wivu abadani, na Shaame atakufa.

Siku ya Sherehe uwanja ulifurika. Wageni walikuja na bakuli lao la kaure nyeupe, wakaligonga kwa ukucha, wakalinusa, wakaliangalia juani. Halikuwa na ufa. Shaame aliwekwa nyuma ya mgongo wa Pandu, amefungwa minyororo, na askari wake wa kumzima wamesimama kando yake, ili uamuzi wowote utakaotoka usichelewe. Mize aliomba akaruhusiwa kumpelekea kaka yake maji. Kwake Pandu hakutupa hata jicho.

"Leo," alinguruma Mheshimiwa Makungu, "dunia itashuhudia jinsi raia wa kawaida anavyoumwa na roho kwa ajili ya kiongozi wake." Makofi yakarindima.

Pandu akashika bakuli, akamtazama Mtukufu usoni kama sheria inavyotaka. Akaanza. Mwonee gere, alijiambia. Ana farasi. Ana marumaru. Ana nchi nzima. Lakini macho yake yaliona ile shingo nyembamba ndani ya kola ya nishani, ikitetemeka, na alichohisi kilikuwa huruma. Mgeni mmoja akachovya kijiko, akatikisa kichwa. Makungu akajifuta jasho. Pandu akajaribu tena, akasukuma roho yake kama mtu anayesukuma gari lililozama matopeni, na maziwa yakakaa yametulia, meupe, matamu, mtu angeweza kumpa mtoto. Mgeni akatikisa kichwa mara ya pili. Nyuma yake Pandu akasikia chuma kinaguswa.

Hofu haigandishi maziwa. Kama ingegandisha, yangegeuka jiwe. Pandu aliomba, na ombi lenyewe lilikuwa safi, pengine la kwanza safi maishani mwake: Ee Mola, asife. Nichukulie kiti, nichukulie kandili yangu, nitakaa chini na kuku, lakini asife.

Ndipo akasikia sauti ya Mize, nyuma yake. "Kaka, kunywa maji."

"Wape kwanza hawa vijana," ilikuwa sauti ya Shaame. "Wamesimama juani tangu asubuhi, nami sina haraka." Kisha akasema jambo kwa sauti ya chini, jambo ambalo Pandu hakulipata. Na askari wakacheka. Askari wale wale, wenye chuma mkononi, waliowekwa pale kumzima; wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na maji. Na Mize akacheka, machozi yanaingia mdomoni, Mize ambaye kwa Pandu hakuwa amecheka tangu mwezi wa harusi.

Hata na minyororo, Pandu aliwaza. Hata leo. Na mimi niliyesimama hapa jasho linanitiririka kwa ajili yake, hata mzaha wenyewe sikuusikia.

Maziwa hayakupitia utando wala kuchacha. Yalitokota, yakashikana, na bakuli la kaure likapasuka kwa mlio uliowaangusha njiwa wa ikulu kutoka mapaani. Mtindi ulitua kwenye nishani za Mtukufu na tai za wageni. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Wageni wakaandika kwamba wameridhika, wakalamba vidole, wakaagiza zaidi.

Mtukufu peke yake hakushangilia. Yeye naye alikuwa amesikia kile kicheko, kwani alikaa akikielekea, na alimtazama Pandu kwa muda kama mtu anayemtazama mwenzake. Kisha akajifuta mtindi kidevuni, akaamuru minyororo ifunguliwe.

Jioni ile mtaa ulipika. Pandu, sasa Karabai, akakalishwa kwenye kiti chenye mikono, kivuli cha mwembe wa jirani kimehamia kichwani pake kwa adabu. Mize alikuwa amerudi na furushi lake, akamletea maji ya kunawa kwa mikono miwili. Muuza kahawa akampa kikombe cha kwanza. Watu walipita mmoja mmoja kumbusu mkono, wakisema mtu asiye na husuda ndiye huyu, na waliokuwa wakimsengenya wasamehewe.

Shaame akasimama katikati ya watu, alama za minyororo bado zi mikononi.

"Jamani," alisema, "mimi nimezaliwa na ndugu, na ndugu nawapenda. Lakini leo nimejua kitu. Nilipokuwa nangoja kuzimwa, kuna mtu alikuwa amenipa mgongo, na mgongo ule ulikuwa unatetemeka kwa ajili yangu. Nimeuona kwa macho yangu. Alijikamua roho mpaka ikapasua kaure, ili mimi nirudi kwangu. Sasa hata nikifa kesho, nakufa tajiri. Ninaye shemeji."

Wanaume wakainamisha vichwa. Mize akalia kimya. Pandu alisikiliza, viwiko vyake vimeegemea kiti, na akatupa jicho baraza nzima, uso kwa uso, akitafuta ni nani kati ya wote wale angetetemeka mgongo kwa ajili yake. Akamtazama tena Shaame, ambaye hakuwa na kiti wala ngazi mpya, na roho ikaanza kumuuma polepole, pale pale pa siku zote. Yaani mtu yule, na yote aliyojaliwa, amepata na shemeji kama huyo.